Pancha kwenye tairi la mwendo kasi: kuziba au kununua jipya?

Nina Toyota Mark X yenye matairi ya 225/45 R17 94W. Skrubu imeingia katikati ya tairi la nyuma. Fundi wa pancha anasema atalitia utambi (kamba ya mpira inayosukumwa kwenye tundu) kwa dakika 5 bila kulitoa kwenye rimu, na muuza matairi anasema tairi la aina hii halizibwi kamwe. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Kila mmoja amekupa nusu ya ukweli, ile inayoujaza mfuko wake. Tundu lililo katikati ya kashata (ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara) na lisilozidi milimita 6 kwa upana huzibika hata kwenye tairi la mwendo kasi, na hicho ndicho kipimo kinachotumiwa na chama cha watengenezaji wa matairi cha Marekani kwa magari madogo. Lakini chama hicho hicho kinataka tairi litolewe kwenye rimu na likaguliwe ndani, tundu lijazwe mpira, kisha kiraka kibandikwe upande wa ndani. Utambi peke yake hauzibi vizuri tabaka la ndani linaloshikilia upepo, ilhali kiraka peke yake huacha tundu wazi kwa nje, maji ya mvua yakapenya hadi kwenye nyaya za chuma na kuzitia kutu. Utambi wa dakika 5 ukufikishe kwenye karakana yenye mashine ya kutolea matairi, basi.

Herufi W maana yake ni kwamba tairi lilipimwa kuhimili kilomita 270 kwa saa. Likishazibwa, watengenezaji hutofautiana: wapo wanaokubali kiwango hicho kibaki, na wapo wasiokubali. Kwa anayekwenda Morogoro kwa mwendo halali, mabishano hayo hayana uzito; kwa anayepeleka gari kwenye mashindano, mimi nisingelifunga tairi lenye kiraka. Pima pia kashata iliyobaki, kwa sababu tairi lililokaribia vile vivimbe vya milimita 1.6 vilivyo ndani ya mifereji halistahili gharama ya kiraka kizuri.

Msumari wangu uko pembeni, karibu kabisa na ukingo, ila upepo unatoka taratibu sana. Je, nao hauzibiki? (Msomaji, Mombasa)

Hauzibiki. Bega, yaani pale kashata inapokutana na ubavu, na ubavu wenyewe hujikunja kila gurudumu linapozunguka, kiraka hakidumu mahali panapojikunja, na hapo begani ndipo zinapoishia kingo za mikanda ya chuma. Upepo kutoka taratibu hakubadilishi chochote. Nunua jingine.

Shikamoo mzee. Nilipata pancha usiku kati ya Chalinze na Segera, nikaogopa kusimama, nikaendesha kilomita chache hadi kwenye taa za kituo cha mafuta. Tundu ni dogo na liko katikati, na kwa nje tairi halina kovu. Fundi anasema linazibika. (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Kutosimama gizani sikulaumu, lakini swali lako si la tundu tena. Ubavu wa tairi la 225/45, kama lile la msomaji wa Tabata, una urefu wa takriban milimita 100 tu. Upepo ukiisha, rimu huukandamiza dhidi ya lami, na uzi ulio ndani huungua na kukatika huku ngozi ya nje ikibaki inang'aa. Tairi likitolewa, pitisha kiganja ndani: ukikuta unga au punje za mpira, au mstari wa duara uliokwaruzika kuzunguka ubavu wote, au sehemu iliyolainika na kubonyea kuliko nyingine, tairi hilo limekufa hata kama tundu lake ni la sindano. Fundi anayesema linazibika kabla ya kulifungua hana alichokiona. Na likikutwa bovu, likatwe ubavuni, maana matairi kama hayo hurudi sokoni yakiwa yamepakwa rangi nyeusi.

Gari langu ni Subaru inayovuta magurudumu manne. Tairi moja limeharibika, na matatu yaliyobaki yana kashata ya milimita 4. Ni lazima ninunue manne? (Msomaji, Arusha)

Fanya hesabu. Tairi jipya huwa na kashata ya milimita 8 hivi, yaani 4 zaidi ya hayo yako. Tofauti hiyo ya nusu kipenyo ukiizidisha kwa 6.28 unapata milimita 25 za mzingo, wakati Subaru inataka mizingo ya matairi isipishane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Tairi kubwa huzunguka polepole kuliko wenzake, na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hulazimika kufidia tofauti hiyo muda wote, ukipata joto hadi uchakae. Ukarabati wake unaweza kuzidi bei ya matairi manne. Njia ya katikati ni kutafuta moja la mtumba la kampuni ile ile, modeli ile ile na kashata inayokaribiana, alimradi usome tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, ambazo ni tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa milimita 4 zilizobaki, mimi ningenunua manne na kubakiza moja la zamani liwe spea.

BMW yangu ina matairi ya kutembea bila upepo. Nimepata pancha, nizibe? (Msomaji, Nairobi)

Matairi haya kwa kawaida hubuniwa yatembee takriban kilomita 80 bila upepo, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Watengenezaji wengi hawaruhusu yazibwe yakishatembea hivyo, kwa kuwa ubavu wake ni mgumu na huficha majeraha. Kama taa ya dashibodi iliwaka ukasimama mapema, upepo ukiwa bado umo, soma masharti ya kampuni iliyolitengeneza. Kama hujui lilitembea umbali gani likiwa tupu, usilizibe.