Maswali na Majibu: Majaruba, Itogolo na Mafunjo ya Ufukweni

*Majaruba yangu Magu yako chini ya mlima. Yale yanayopakana na mteremko, mpunga unageuka kahawia. Ya mbali kidogo ni kijani tupu. Mbegu ni ile ile, mbolea ni ile ile. Ni ugonjwa gani huu?*

Kwa maelezo yako, mkulima mwenzangu, inaelekea ni chuma kilichozidi. Udongo ukifunikwa na maji, hewa iliyomo huisha baada ya siku chache. Vijidudu vya udongoni hapo hutafuta mbadala wa kupumulia: huanza na naitreti, wakaenda kwenye manganizi, kisha chuma. Kutu ambayo haikuwa ikiyeyuka sasa inayeyuka, na mizizi inainywa. Maji yanayopenya chini kwa chini kutoka mlimani huja na chuma kingine, ndiyo maana majaruba ya mwanzo yanaumia zaidi.

Hakikisha kwa macho yako. Madoa ya chuma huanzia kwenye ncha za majani ya chini, yale yaliyokomaa. Tazama pia maji yaliyotuama pembeni: ukiona utando unaong'aa kama mafuta, uguse kwa kijiti. Mafuta yataungana tena, lakini utando wa chuma hukatika vipande vipande. Halafu ng'oa shina moja. Mizizi yenye rangi ya kutu ni ya mpunga unaopigana, kwa sababu mmea huteremsha hewa kupitia nafasi zilizomo ndani ya shina na kukigandisha chuma nje ya mzizi. Ukikuta mizizi myeusi inayonuka mayai viza, imelemewa.

Chimba mfereji chini ya mteremko ukinge maji ya mlimani. Toa maji jarubani kwa siku kadhaa, kisha yarudishe. Potasiamu nayo isipungue, maana mpunga ulioikosa huzidiwa na chuma upesi.

*Niweke chokaa kwenye majaruba?*

Mara nyingi hapana. Udongo wenye tindikali ukikaa majini wiki chache, pH yake hupanda yenyewe hadi kukaribia 6.5 au 7, yaani tindikali inapungua. Kama vipimo vinaonyesha haja ya chokaa, ipeleke kwenye mahindi ya luseni, udongo wa kichanga wa mwinukoni.

*Misungwi tuna kipande cha itogolo, udongo mgumu usiopitisha maji. Kiangazi kinatoa weupe juu, na hakioti kitu ila nyasi fupi.*

Huenda ni magadi. Sodiamu ikizidi, chembe za mfinyanzi hutawanyika na kuziba matundu. Maji hayashuki, mizizi haipenyi, na pH inaweza kupita 8.5. Jasi huiondoa sodiamu kwenye chembe hizo, ila lazima pawepo njia ya maji kuisomba kwenda nje. Kwa kipande kidogo, waachieni ng'ombe.

*Sisi ni kikundi cha akina mama, Ilemela. Tunataka kuchoma mafunjo ya ufukweni tulime mboga. Udongo ule mweusi si una rutuba?*

Mama zangu, nawaomba msichome. Rutuba ipo, lakini imehifadhiwa na maji. Weusi ule ni mabaki ya mimea ambayo hayakuoza kwa kukosa hewa. Mkiukausha udongo, hewa inaingia, mabaki yanaoza haraka na ardhi inatitia. Palipo na salfa nyingi, huzaa asidi kali. Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kuna mabwawa ya mafunjo yaliyokaushwa karne iliyopita ambayo udongo wake uliharibika kwa namna hiyo.

Mafunjo yenyewe yanajua kuishi pale. Shina likizeeka, mmea huvuta naitrojeni yake na kuipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo hustawi hata penye chakula kidogo. Pia hunasa tope, naitrojeni na fosforasi zinazoshuka kutoka mitaani na mashambani. Yakiondoka, vyote hivyo vinaingia ziwani, na gugu maji hunenepa kwa vitu hivyo hivyo.

Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Limeni mboga nje ya mita hizo, upande wa juu. Mafunjo yakateni kwa zamu kwa ajili ya mikeka, sehemu moja ikipumzika wakati nyingine inavunwa, na msiguse mashina yanayolala chini, kwa sababu ndiko yanakochipua.