Kikundi cha historia ya mji: tuliyojifunza Pangani kwa kukosea

Huu mwaka wa sita tuko na kikundi chetu kidogo cha historia hapa Pangani, pwani ya Tanga, na haupiti mwezi bila mtu kunifuata inbox, kaka na sisi huku kwetu tunataka kitu kama hicho tuanzie wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja basi naandika hapa, ukiulizwa mtumie na mwenzio.

Sisi tulianza vibaya. Tulikodi ukumbi, tukaazima projekta, tukaandaa mada ya Abushiri na picha zake, yaani tulijipanga haswa: Agosti 1888 watu wa ile kampuni ya Wajerumani walivyokuja kupandisha bendera yao hapa mjini, watu wakakataa, Abushiri bin Salim akashika uongozi, mapigano yakasambaa pwani yote mpaka mwisho wakamkamata na kumnyonga hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Wakaja watu kumi na moja, wanne ni sisi wenyewe, soda zikabaki kreti nzima. Tunakunja nyaya mzee mmoja akaniita pembeni, akasema mjukuu wangu haya tumesoma shule, sasa mmetuita mtufundishe au mtuulize?

Ile kauli ilinikaa wiki nzima. Tukaachana na ukumbi tukahamia kijiwe cha kahawa, jioni, na hatukwenda na mada, tulikwenda na swali moja tu: hivi ni kweli Maziwe ilikuwa na miti? Kwa wasiojua, Maziwe ni kisiwa chetu kule nje baharini, sa hivi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa huoni kitu. Lakini zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wanatagia pale kwa wingi, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kijani chote kilikuwa kimekwisha. Wee! Nilidhani watapigana. Huyu anasema miti ilikatwa, yule anasema hapana mchanga ulihama wenyewe miti ikaangukia majini, mwingine anaapa yeye na babake walilala pale na ngalawa wakapika chini ya mivinje na upepo ulivyokuwa unalia usiku hata usingizi hakupata. Wavuvi waliokuwa wanapita na mishipi yao wakasimama. Siku ile tulirekodi masaa mawili na hatukununua hata soda, kahawa na kashata walitulipia wao.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ndo huo, anza na kitu ambacho watu wamekiona kwa macho yao na wanakibishania. Abushiri tulikuja kumrudia baadaye, na safari hiyo wazee ndo walituonyesha wao wanasimuliaje, na haikufanana sana na slaidi zetu.

Sasa picha. Hapa ndo vikundi vingi vinakufa na hapa naomba unisikilize vizuri. Tulipoanza kupita nyumbani kwa watu kuomba picha za zamani tulikuta milango migumu, shikamoo inaitikiwa vizuri, chai unapewa, ukitaja picha tu, ah mwanangu zililiwa na mchwa. Nyumba ya kwanza mchwa, ya pili mchwa, ya tatu mchwa, nikajua hapa kuna kitu. Kumbe miaka ya nyuma alipita mtu, simjui na wala sitaki kumjua, akajitambulisha mtafiti, akabeba albamu za watu anaenda kuzitoa kopi atarudisha Ijumaa. Hiyo Ijumaa haijafika mpaka leo. Bibi mmoja katika albamu ile ilikuwemo picha pekee ya mumewe kijana.

Tukaweka sharti letu wenyewe: picha haitoki kwenye nyumba. Unakwenda na simu nzuri, unatandika kanga nyeupe au karatasi karibu na dirisha, hauwashi fleshi, unapiga mbele na nyuma (nyuma ndo kuna maandishi, watu wanasahau nyuma!), mwenyewe amekaa hapo anakutajia nani ni nani na wewe unaandika palepale, huyu wa kushoto nani, huyu aliyeshika mtoto nani. Unamuuliza pia ipi ruksa kuonyeshwa na ipi ibaki kwake. Halafu, na hili ndo lenye uzito wake, ndani ya wiki mbili unarudi na picha ileile umeisafisha studio, kubwa zaidi ya ile ya kwake, unampa. Bei yake si kubwa. Yule bibi wa mchwa wa tatu tulipomrudishia ya kwanza alikwenda chumbani akatoka na kopo la maziwa la bati limejaa.

Ndani ya kopo hilo kulikuwa na kipande. Vijana wengi hawakijui, ile kadi ya kazi ya mashamba ya mkonge, ina viboksi vya siku thelathini, ukifanya kazi siku inawekwa alama, ujira unapata ukijaza zote. Mumewe alikuja manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani. Na mkonge wenyewe si ndo hapa ulipoanzia, mwaka 1893 yule Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapona 62, ikapandwa Kikokwe ng'ambo ya mto, na kutoka hapo kufika miaka ya 1960 Tanganyika inatoa tani zaidi ya laki mbili kwa mwaka. Kila mtu anajua 62. Majina ya waliokata huo mkonge nani anayo? Watoto wao wapo, Mwera huko na kwingine, ila walikuwa hawaji kwenye vikao vyetu kwasababu walidhani historia ya Pangani ni ya wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, na ukweli sisi ndo tuliwafanya wadhani hivyo. Angalia na kwako ni nani haji.

Kwenye kuuliza, acha kuuliza mwaka. Ukimuuliza mzee ilikuwa mwaka gani atakutajia mwaka wowote ili umwache. Uliza ulikuwa umeshaolewa? Ilikuwa kabla ya uhuru? Mapinduzi ya Zanzibar yalikukuta wapi? Ilikuwa wakati wa vita vya Idi Amin, wale vijana walikuwa wameshakwenda au bado? Hapo mwaka utajitokeza wenyewe.

Na kuna ya kutouliza mbele za watu. Bonde hili la mto karne ya 19 lilikuwa na mashamba ya miwa na waliolima walikuwa watumwa, wajukuu wa pande zote mbili leo wanaswali safu moja na wameoana. Kijana wetu mmoja aliuliza kibarazani mzee na nyinyi mlikuwa upande upi, palinyamaza kimya sijawahi kuona, mzee akakunja bao lake akaondoka na miezi mitatu hakutusemesha. Hayo subiri mwenyewe akuambie, na akikuambia siku hiyo zima rekoda mpaka aseme washa. Hata hadithi ya nguzo za Boma, lile jengo la zamani la serikali, kwamba kuna watu walizikwa hai chini yake, kila nyumba inaisimulia kivyake, sisi tumeandika zote na jina la msimuliaji na tarehe, hatujachagua.

Vya simu nipite haraka. Faili usiliache na jina lake la ajabuajabu, andika tarehe, jina, mtaa, mada. Weka sehemu mbili, tuliwahi kupoteza mahojiano manne simu ilipotumbukia mtoni tukishuka kwenye kivuko. Picha kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kawaida inachujuka. Ujisajili kama kikundi cha jamii halmashauri, afisa maendeleo ya jamii atakuelekeza. Na msichimbe popote, hata mkiona vigae vya Kichina vinachungulia, piga picha acha palepale waambie watu wa Mambo ya Kale, sheria ipo tangu 1964.

Hela? Sisi tunachanga buku mbili kwa mwezi na inatosha studio na nauli ya kivuko. Mwaka juzi tulipata mfadhili mdogo na ndo mwaka tuliogombana kuliko yote, sina la zaidi hapo.

Sa hivi tunakusanya historia ya kivuko chenyewe, tangu walipoanza kujenga daraja watu wamekumbuka kwamba wana stori za kuvuka, nani alizalia kwenye boti, harusi ipi ilikwama kijijini Bweni, ng'ambo ya mto, usiku mzima na wali umeshapikwa. Jumamosi tunavuka na mkeka. Yule mzee wa ukumbini ametangulia kutuma ujumbe, anasema kwenye karatasi tuliyobandika kijiweni idadi ya mivinje ya Maziwe tumekosea, tuje na kalamu.