Kwa nini Mnara wa Eiffel haukuvunjwa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Mnara wa Eiffel haukuvunjwa baada ya maonyesho ya dunia ya Paris ya 1889. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu. Gustave Eiffel akahangaika kuutafutia kazi: kwanza vipimo vya hali ya hewa, kisha redio ya jeshi, na redio ndiyo iliyouokoa. Hata Pembe zetu za Moi Avenue, yale matao ya mfano wa pembe za ndovu juu ya barabara, zilianza kama pambo la kumpokea mgeni wa kifalme miaka ya 1950, na leo ndizo uso wa Mombasa.

Lakini lisilonitoka moyoni ni hili: maonyesho yale yale yaliweka watu wa Senegal na Gabon ndani ya vijiji vya kuigiza, wakitazamwa na waliolipa kiingilio.