Maswali na majibu: Kabla hujabisha hodi kwenye programu huria

Shikamoo mwalimu. Sijui kuandika msimbo (code). Nami naweza kuchangia? (Mwanafunzi, Malimbe)

Marahaba. Unaweza, tena unahitajika sana. LibreOffice, programu huria (yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha) ya kuandikia nyaraka na hesabu, hutafsiriwa na watu wa kujitolea, Kiswahili kikiwemo, na kazi hiyo ina historia hapa kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya aina hiyo hiyo kwa Kiswahili. Ila nakusihi, usichukue tafsiri ya mashine ukaibandika ilivyo. Juzi kijana mmoja wa Buhongwa alinionyesha kazi yake: kitufe cha kuhifadhi hesabu kimeandikwa "Okoa", kwa kuwa mashine ilitafsiri "Save" ya Kiingereza kama kuokoa mtu. Mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, akimaliza kuandika mauzo ya siku, atajuaje kwamba hapo ndipo pa kubonyeza? Soma kila neno mahali litakapotokea kwenye skrini. Maneno ishirini yaliyofikiriwa yanamsaidia mama yule kuliko elfu moja ya kubandika.

Nianze na mradi gani? (Igoma)

Ule unaoutumia kila siku. Swali hili nalijibu karibu kila mwezi; tafadhali someni majibu ya nyuma.

Nilijaribu kupakua msimbo wa Linux (kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta), bando la wiki likakata njiani. (Sengerema)

Ulikuwa unavuta historia yote ya mabadiliko tangu 2005. Kwenye amri ya git clone, ile ya kunakili mradi kwa Git (programu inayotunza historia ya msimbo), ongeza --depth 1, utapata hali ya sasa tu. Hata hivyo, kwa mgeni, Linux ni maji marefu. Tafuta mradi mdogo ambao wasimamizi wake wanajibu watu.

Nimetuma marekebisho, siku tano kimya. Nimemwandikia kila msimamizi faraghani, bado kimya. (Nansio, Ukerewe)

Acha kuwaandikia faraghani. Wengi wao hufanya kazi hii usiku, wakishatoka kwenye ajira zao, bila malipo. Subiri wiki mbili, kisha kumbusha mara moja, hadharani, kwa adabu. Wakati unasubiri, fungua tena ulichotuma. Umeeleza hitilafu inatokeaje? Umerekebisha jambo moja, au umechanganya matatu? Mwongozo wa wachangiaji uliusoma? Nauliza kwa sababu wengi mnakimbilia jina la kuweka kwenye wasifu. Oktoba 2020 watu waliokuwa wakiwania fulana za Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, waliwamwagia wasimamizi mabadiliko ya ovyo kiasi kwamba waandaaji walibadili masharti, ikawa lazima mradi wenyewe ukubali kushiriki. Msimamizi aliyepitia hayo anamtazama kila mgeni kwa shaka, na anayeumia ni wewe uliyekuja kwa nia njema.

Nilipandisha msimbo ukiwa na nywila ya hifadhidata ya ofisini. Nimeshaifuta. Niko salama? (Kirumba)

Hapana. Umeifuta kwenye faili, lakini kwenye historia ya Git bado ipo na yeyote anayeweza kuufungua msimbo huo anaweza kuisoma. Badilisha nywila hiyo sasa hivi, kisha umwambie mkuu wako leo hii.