Mkuu usiguse hiyo ofuseti! Tao la nyuzi 25 linakudanganya

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba tao lako la R8 (nusu kipenyo milimita 8), nyuzi 25 hivi, CMM, ile mashine ya kupima kwa kugusa nukta, imekupa 8.11, ukarudia ikakupa 7.93, na kesho asubuhi unaenda kubadili ofuseti, yaani kusogeza kisu cha CNC, mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, "ili ikae kwenye 8". Nimesoma hapo chai ikanipalia.

Mimi nilikisogeza. Tulikuwa na oda ya vipande 46 vya chuma cha pua, vya kubana shingo za chupa kwenye mashine ya kujazia. Mchoro ulisema R12, jumlisha au toa 0.05, tao la nyuzi 30. Kipande cha kwanza nikagusa nukta saba, CMM ikasema 12.13. Mimi huyo, na koti langu jeupe, nikamfuata operata: ingiza kisu ndani 0.13. Akaniuliza, "Bosi, una uhakika?" Nikamwonesha karatasi. Karatasi yenyewe ina nembo na rangi tatu, nani abishane nayo? Usiku ule akakata vyote 46.

Mteja akavifunga, vikacheza kama meno ya bibi yangu. Vyote vikarudi kwenye pikapu ileile iliyovipeleka, na dereva akadai nauli ya kurudi.

Hesabu nilikuja kuifanya baada ya kuviuza skrepa kwa kilo. Chora mstari kutoka ncha hii ya tao hadi ncha ile. Kwa R12 na nyuzi 30, tao linapanda juu ya mstari huo 0.41 mm tu, na kutokana na kilima hicho CMM inabuni duara zima. Kimo kikikosewa mikroni 1 (elfu moja ya milimita), nusu kipenyo kinakosewa mikroni 28. Kwa hiyo ile 0.13 iliyonitia kiwewe ilikuwa kama mikroni 5 juu ya chuma, labda vumbi, labda alama ya kisu. Kipande kilikuwa kizima! Nikakila mikroni 130. Cheka tu, hata mke wangu alicheka.

Wewe uko pabaya zaidi. R8 kwa nyuzi 25 kilima ni 0.19 mm, na kila mikroni inazaa 41. Huo mvutano wako wa 8.11 na 7.93 ni mikroni nne na kitu. Unataka kukata chuma kwa ajili ya mikroni nne?

Aliyenipoteza ni yule bwana wa mafunzo tuliyeletewa na waliotuuzia mashine. Siku mbili, tai shingoni: "Hii inasoma mikroni 2, ukiwa na shaka ongeza nukta." Inasoma mikroni 2 kwenye nukta, sawa. Hakusema kwamba kwenye tao langu hizo 2 zinageuka 56. Na nukta 200 zinatuliza mtetemo wa probu, kile kidole cha kugusia, tu. Kama kisu kilipinda kikaacha kibonde, nukta zote 200 zitakuapia kibonde kwa sauti moja. Posho alichukua, chakula cha mchana tulimlipia. Nimeshamsamehe. Sijamsamehe.

Sasa shika hili: tao likiwa chini ya robo duara, usiiulize CMM nusu kipenyo, iulize kila nukta iko wapi. Kwenye robo duara mikroni inazaa mbili na nusu hivi, hapo mnaweza kuelewana. Chini ya hapo, jenga datumu zako, yaani mahali vipimo vinapoanzia, kwenye nyuso na matundu yaliyo kwenye mchoro, weka kitovu pale mchoro unapotaka kiwe, usikubali programu itafute kitovu chake, kisha soma umbali wa kila nukta kutoka hapo. Ukiona 8.003, 7.998, 8.004, nenda kalale. Na mpigie mteja aweke uvumilivu wa profaili, ule wa kiwango cha ISO 1101 unaosema umbo lenyewe linaruhusiwa kukengeuka kiasi gani, badala ya R yenye jumlisha na toa. Wa kwangu alikubali ndani ya dakika kumi. Ningempigia wiki moja kabla, ningekuwa na vipande 46.

Piga picha ya mchoro, funika jina la mteja, uweke hapa nione datumu zako ziko wapi. Na mwambie operata wako akuulize mara mbili.