Jibu: Yai limeivia kwenye nywele, nifanyeje?

Pole sana dadangu. Umepaka yai na parachichi, ukasuuza kwa maji moto ya birika, sasa kichwa kimejaa vipande vyeupe. Tafadhali usinyoe! Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzijoto 60 za Selsiasi hivi, kwa hiyo maji ya moto yatazidi kuliivisha. Paka kondishena nyingi mpaka nywele ziteleze, kisha chambua kwa vidole, fungu kwa fungu, kuanzia ncha kwenda kwenye shina. Chanuo la meno mapana lije mwisho. Suuza kwa maji baridi tu, hata na hii baridi ya Julai ya Nairobi. Na kusukwa Kenyatta Market kungoje. Vipande vikibaki chini ya rasta vitanuka.