Kukataa kubebeshwa kazi ya kikundi

Pole sana, ndugu. Nimekuelewa: wenzako wanakuachia kazi yote ya kikundi, na kila ukitaka kukataa moyo unaenda mbio, sauti inakatika, unajikuta umekubali.

Usianze na anayekutisha zaidi. Orodhesha hali kama 8 unazoziogopa, uzipe alama za hofu, 0 (huogopi) hadi 100 (unaogopa kabisa), kisha anza na yenye 30 hivi. Irudie mpaka hofu ishuke karibu nusu, ndipo upande hadi hali inayofuata. Wengi hurukia ya 90, hushindwa, kisha hukwepa kabisa, na kukwepa ndiko kunakoilisha hofu.

Sentensi iwe fupi: "Nitaandika utangulizi. Sehemu ya takwimu sitaifanya." Usirundike sababu, maana kila sababu watakutafutia jibu lake. Wakisisitiza, rudia maneno yaleyale kwa utulivu. Yazoee kwanza kwa sauti, rafiki akikubishia. Kuyasoma kimoyomoyo hakutoshi.

Kabla ya kikao, vuta pumzi taratibu sekunde 4, itoe kwa 6, kwa dakika 3. Ukivuta kwa nguvu unaweza kupata kizunguzungu.

Ukianza kukosa vipindi au usingizi kwa wiki kadhaa, muone mshauri nasaha wa chuo. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, tafuta msaada siku hiyohiyo.